Kichanga Naye Ni Mtu: Kabla Hamjaenda Kupiga Kambi

Ndugu zangu wa ughaibuni, mkitaka kwenda kupiga kambi na watoto, hesabuni vichwa. Mkimaliza, hesabuni tena. Anayenyonya naye ni kichwa.

Tuliweka nafasi miezi minne kabla, maana maeneo yenye choo cha karibu huwahiwa. Masharti yalisema eneo moja la hema ni watu sita. Mimi nikajisemea: sita ni wakubwa, watoto ni wa kubebwa. Sisi wenyewe tulikuwa saba ukimtia kichanga, nami sikumtia. Kisha nikamdokezea shemeji. Ijumaa jioni tukafika getini na magari mawili, watu kumi.

Mlinzi alikuwa kijana mpole. Alituomba samahani mara tano na geti halikufunguka hata mara moja. Shemeji akabembeleza, eti watoto watalala miguuni pa wakubwa, tutabanana. Nilitamani ardhi inimeze. Yule kijana akasema sita wanaweza kuingia. Sasa abaki nje nani, mama mkwe? Tukageuza magari usiku uleule, watoto wanalia. Fedha hazikurudi, kwa sababu tarehe ya mwisho ya kughairi ilikuwa imepita, nayo iliandikwa kwenye yale maandishi madogo ambayo sikuyasoma.

Basi yasomeni. Watu wangapi, na watoto wanahesabiwaje. Magari mangapi. Geti linafungwa saa ngapi. Mwisho wa kughairi ni lini. Someni pia habari za kuni: sehemu nyingi hawataki ulete kuni kutoka mbali, kwa kuwa wadudu waharibifu wa miti husafiri humo ndani. Nunueni karibu na kambi.

Shemeji zangu, mama wadogo, nawapenda. Lakini "tutajua hukohuko" ni maneno ya sebuleni. Watu wa huku wana nyumba zenye joto, halafu wanalipa wakalale chini, na huko porini kanuni zao ni nyingi kuliko za mjini. Saa nne usiku kambi nyingi hutakiwa kimya. Hakuna atakayekugombeza kwa sauti. Atakwenda tu kukusemea. Mwanzoni niliona ni roho mbaya. Siku hizi, mtoto wangu akiwa amelala na jirani amenyamaza, nawaelewa kidogo.

Nguo za kubadili, tochi, dawa za huduma ya kwanza: hayo mnayajua. Simikeni hema nyumbani kwanza, watoto walizoee. Dawa ya mbu yenye DEET asipakwe mtoto wa chini ya miezi miwili. Na kama kuna mto au ziwa, mtu mzima mmoja akae akiwatazama watoto, simu mfukoni, maana mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Baridi ndiyo iliyotupiga safari ya pili. Tulirundika mablanketi juu, kumbe inatokea chini. Godoro la kupuliza peke yake ni hewa tupu na halizuii ubaridi wa ardhi. Tandikeni sponji au blanketi nene chini ya mtoto. Kichanga asilale ndani ya mfuko wa kulalia wa mtu mzima, anaweza kuteleza uso ukafunikwa. Mvalisheni nguo tabaka kwa tabaka, au mfuko wa saizi yake.

Mama mkwe, kwa nia njema, alitaka tuingize jiko la mkaa hemani, "limeshaisha moshi". Hapana, mama. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata kama moto umefifia, hata kama zipu iko wazi. Moshi ukiisha, sumu haijaisha. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Narudia kwa ajili ya wale wanaoruka mistari: jiko lisiingie hemani.

Mwaka huu nimechukua maeneo mawili yanayopakana, na shemeji nimemwandikia idadi yake kwa tarakimu. Juzi amepiga simu. Mkewe atajifungua mwezi wa saba, kambi ni mwezi wa nane, anauliza kama na huyo anahesabiwa.

Anahesabiwa.