Helmeti ni ya mwisho: namna ya kuendesha baiskeli salama Malindi

Mazungumzo juu ya baiskeli yakizuka Malindi, iwe kwa fundi au kwenye baraza ya kahawa, hayachelewi kugawanyika pande mbili: kuna wanaosema kwamba asiyevaa helmeti anajitakia, na kuna wanaojibu kwamba helmeti haijawahi kumzuia dereva wa matatu. Wote wana sehemu ya ukweli. Helmeti hufanya kazi pale ambapo mengine yote yameshashindikana, na kwa sababu hiyo nitaanza na hayo mengine, kisha nirudi kichwani.

La kwanza ni mahali unapokaa barabarani. Wengi wetu tulifundishwa kujibana ukingoni kabisa, tukidhani kwamba huko ndiko kwenye usalama, kumbe ukingoni ndiko mchanga unakokusanyika na ndiko lami inakomeguka. Kaa umbali wa mkono mmoja kutoka ukingo wa lami, upande wako wa kushoto, na ushike mstari ulionyooka bila kuyumba kila unaposikia honi. Ukikaa hapo unabaki na nafasi ya kukwepea shimo, na dereva aliye nyuma analazimika kuamua kusubiri au kukupita kwa nafasi, badala ya kujipenyeza. Gurudumu likiteleza nje ya lami, usijaribu kulirudisha papo hapo, kwa maana litakwaruza ule ukingo na kukuangusha upande wa magari. Punguza mwendo, simama, kisha inua baiskeli. Nanyi madereva, sheria ya Ufaransa inataka mita 1.5 kati ya gari na baiskeli inayopitwa nje ya mji. Hiyo ni nafasi ambayo tuktuk nzima ingeweza kupita katikati yenu, na sioni kwa nini tusiifuate hapa hata bila kulazimishwa.

Tuktuk zenyewe zinataka somo lake. Mwenye baiskeli mjini hapaswi kuitazama tuktuk peke yake, bali amtazame mtu aliyesimama kando ya njia mbele yake. Ukimwona mama ameshika kikapu na ameinua mkono, jua kwamba tuktuk iliyo ubavuni mwako itakata kushoto ndani ya sekunde mbili, na mara nyingi bila ishara. Acha kukanyaga, vidole viwe juu ya breki, uiache itangulie. Vivyo hivyo, usipite kushoto kwa tuktuk iliyosimama, kwa sababu haina mlango wa kukuonya na abiria hushuka bila kutazama nyuma. Ukitaka kukunja kulia, geuza kichwa kwanza, nyoosha mkono, halafu usogee katikati. Ikiwa magari ni mengi, shuka uvuke kwa miguu, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Jambo ambalo halitajwi sana ni jua. Watu wa Ganda na Kakuyuni huja mjini asubuhi wakielekea mashariki na hurudi jioni wakielekea magharibi, maana yake ni kwamba safari zote mbili jua liko mbele yao, na liko pia machoni mwa dereva anayewafuata. Dereva huyo anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado asikuone. Washa taa nyekundu ya nyuma saa hizo, hata kama bado ni mchana kweupe, na uvae shati la rangi kali. Ukibeba makuti au mitungi, hakikisha mzigo haujaifunika taa, kosa ambalo naliona karibu kila siku.

Upepo nao una hila yake. Wakati wa kusi, anayekwenda kaskazini kuelekea Mambrui hupigwa na upepo kutoka upande wa bahari, yaani kulia kwake, na bila kujua huinamia upande huo ili asiyumbe. Lori likimpita, huukinga upepo kwa ghafla, naye huvutika kulia, lilipo lori. Ukisikia muungurumo nyuma yako, legeza mabega, shika usukani kwa mikono miwili na upunguze mwendo kabla halijakufikia. Mwenye mitungi minne ya lita 20 amebeba kilo 80 za maji, na breki za vyuma za baiskeli zetu za kizamani hazikutengenezewa kusimamisha uzito huo kwa haraka. Aanze kufunga breki mapema mara mbili ya kawaida.

Sasa helmeti. Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji wa pikipiki na abiria wake waivae. Kwa baiskeli, dunia haijakubaliana: jimbo la Victoria nchini Australia liliilazimisha mwaka 1990, ilhali Uholanzi wengi hawaivai, na mwaka 2006 Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alipima na kukuta madereva wakimpita karibu zaidi kwa sentimita 8.5 hivi alipoivaa, matokeo ambayo watafiti wengine waliyapinga. Anayeutolea Uholanzi mfano akumbuke kwamba kule wana njia za baiskeli peke yake. Sisi tunagawana lami na malori. Hata hivyo, tusiidai helmeti isichoweza: kipimo cha Ulaya, EN 1078, huijaribu kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli yake.

Ivae ikiwa imelala sawa, vidole viwili juu ya nyusi. Mimi niliivaa yangu ikiwa imeangukia kisogoni kwa miezi mingi, paji la uso likiwa wazi, hadi fundi mmoja aliponisogezea mbele bila kusema neno. Mikanda ikutane chini ya sikio, na ule wa kidevu ubakishe nafasi ya kidole kimoja. Kofia ya vito haivaliwi ndani yake, kwa kuwa huinyanyua. Ushungi mwembamba unafaa, mradi pini na fundo visikae chini ya helmeti, na pindo la buibui lifungwe mbali na mnyororo. Ndani ya helmeti ni povu lile lile la makasha ya samaki: likishabonyea mara moja halirudi. Kwa hiyo ukiikuta kwenye mitumba, igeuze, vuta bitana, na utafute ufa au sehemu iliyobonyea kabla ya kuuliza bei.