Kukusanya Matoleo ya Kwanza Yenye Saini ya Riwaya ya Mwisho

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha ni kitabu kipi hasa kilicho riwaya ya mwisho ya mwandishi unayemkusanya. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alitoa riwaya yake ya mwisho, Kenda Mũiyũru, kwa Kikuyu mwaka 2018, na tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe ikafuata mwaka 2020. Kwa maoni yangu, mkusanyaji wa Nairobi aanze na ile ya Kikuyu, iliyochapishwa humu humu jijini.

Fungua ukurasa wa hakimiliki. Nakala inayotaja mwaka wa kuchapishwa upya si chapa ya kwanza, na katika vitabu vingi vya ng'ambo utaona safu ya tarakimu zinazoonyesha ni chapa ya ngapi, ambamo 1 haipaswi kukosekana.

Saini ndiyo inayohitaji macho makali. Inamisha ukurasa wenye jina la kitabu kwenye mwanga wa dirisha: wino wa kalamu mara nyingi huacha mkandamizo mdogo unaoonekana hata upande wa nyuma, ilhali saini iliyochapwa hulala bapa, weusi wake ukiwa sawa kila mahali. Ilinganishe na saini za uzeeni mwake, si za ujanani, kwa kuwa mkono hubadilika. Kitabu kilichotoka baada ya mazishi hakiwezi kuwa na saini halali, isipokuwa kwenye karatasi iliyosainiwa mapema na kubandikwa ndani (hiyo nayo, kwangu, ina thamani ndogo).

Omba risiti, hata kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu kandokando ya barabara. Usiandike jina lako ndani, usizibe mipasuko ya jalada kwa selotepu, na msimu wa mvua za Machi hadi Mei, kiweke mbali na ukuta wenye unyevu.