Kulainisha uso bila leza: utaratibu ninaoufuata kwa ngozi nyeusi

Wateja wengi wanaokuja kwangu hapa Kisumu huanza na swali moja: "Uko na ile kali?" Wanamaanisha asidi ya kuambua ngozi ya juu. Ninayo, ila mara nyingi chupa hiyo haifunguliwi siku ya kwanza. Ngozi nyeusi ikichokozwa, iwe kwa joto, mkwaruzo au kemikali, hujitetea kwa kumwaga rangi, na doa hilo laweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahaulika. Ndiyo maana leza zinazounguza tabaka la juu ni za hatari zaidi kwetu, na hata njia zisizo na leza zataka subira.

Hatua ya 1: Jua unatibu nini

Simama karibu na dirisha mchana, uso bila mafuta wala poda. Madoa bapa yaliyoachwa na chunusi, na ngozi inayokwaruza ukiipapasa, hayo asidi huyafaa. Mashimo ni kesi nyingine. Vuta shavu kwa vidole viwili: shimo likipotea, sindano ndogondogo zinaweza kulisaidia, likibaki jembamba na la kina, asidi laini haitalifikia. Vile vinundu vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni kadiri umri unavyosonga, mara nyingi mama na binti wote wanavyo, havitoki kwa asidi. Daktari wa ngozi ndiye huviondoa. Mabaka ya kahawia yaliyoanza na mimba nayo mpelekee yeye. Na kama chunusi bado zinaota, zitulize kwanza, la sivyo utafuta doa moja huku matatu yakizaliwa.

Hatua ya 2: Wanaopaswa kusubiri

Mwenye vidonda au malengelenge ya mdomoni, anayemeza vidonge vya isotretinoini (dawa ya chunusi sugu) na mwenye historia ya keloidi (makovu yanayovimba na kukua) wamwone daktari kwanza. Mjamzito aiache asidi ya salisiliki ya kuambulia ngozi.

Hapa nitasimama kidogo kwa ajili ya mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa bila lebo inayoeleweka huwa na zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, na asidi ikikuta ngozi iliyokonda huingia ndani kuliko ulivyokusudia. Usiache steroidi ghafla pia, kwa sababu uso unaweza kulipuka kwa vipele na kuwaka moto. Daktari atakupangia namna ya kuipunguza. Mteja akinificha habari hii tunaumia sote wawili, kwa hiyo mimi huuliza mara mbili, tena kwa majina ya krimu.

Hatua ya 3: Wiki mbili hadi nne za maandalizi

Hii ndiyo hatua watu huiruka. Ikweta inapita hapo Maseno, na jua letu halina msimu wa kupumzika. Paka krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) ya 30 au zaidi kila asubuhi, kiasi cha mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, na urudie baada ya saa mbili ukiwa nje. Ukiuza soko la Kibuye au ukiendesha boda, ongeza kofia pana au kitambaa. Ukiweza, chagua krimu yenye rangi inayokaribia ya ngozi yako: oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hutia weusi ngozi kama yetu. Haikuachi na sura ya majivu pia.

Jioni osha uso kwa sabuni laini na upake losheni isiyo na manukato. Acha retinoli (krimu ya vitamini A) siku tano kabla ya asidi, na wiki ya mwisho usinyoe kwa nta wala uzi. Halafu jaribu asidi yako sehemu ndogo chini ya taya na ungoje saa 48. Pakiwasha, pakavimba au pakageuka rangi, zoezi limeishia hapo.

Hatua ya 4: Siku ya asidi

Asidi ya mandeliki, inayotokana na lozi chungu, ina molekuli kubwa na huingia polepole. Ndiyo ninayoanza nayo. Ya laktiki hufaa ngozi kavu. Ya salisiliki huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya vinyweleo vya uso wenye mafuta na huwasaidia wanaume wenye vipele vya kunyoa. Ya glaikoliki ina molekuli ndogo kuliko zote hizo na huingia haraka. Hiyo huwa ya mwisho.

Nyumbani usizidishe asilimia 10 kwa mandeliki, laktiki au glaikoliki, wala usitumie yenye pH chini ya 3.5 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali hupanda). Salisiliki ya nyumbani ni asilimia 2 tu. Zaidi ya hapo ni kazi ya aliyesomea. Limau usiliguse: lina ukali wa pH karibu na 2, na likikutana na jua huunguza ngozi.

Osha uso, kausha kabisa. Paka vaselini kwenye kona za macho, midomo na pembeni mwa pua. Anza na paji, kisha mashavu, pua na kidevu, ukitazama saa. Mara ya kwanza tumia nusu ya dakika zilizoandikwa kwenye lebo. Kuwashwa kidogo ni kawaida, kuungua siyo. Wekundu hauonekani vizuri kwetu, kwa hiyo angalia sehemu inayogeuka kijivu au nyeusi zaidi, na ugusishe mgongo wa mkono kuona kama pana joto. Ukiona hivyo, suuza mara moja kwa maji mengi ya baridi, hata kama dakika hazijaisha.

Kliniki, asidi ya salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 huacha unga mweupe usoni. Ni chembe za dawa zilizokauka, na hupanguswa. Weupe usiopanguka ni jambo jingine kabisa: asidi imeingia ndani zaidi. Kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu, muulize ni asidi gani, asilimia ngapi, na ataizimaje.

Hatua ya 5: Wiki inayofuata

Ngozi ikiambuka, kwa kawaida huanza siku ya tatu, kando ya mdomo. Usiibandue, hata kipande kinachoning'inia. Maji, losheni, vaselini kidogo penye ukavu, na kinga ya jua. Hakuna skrabu wala kujifukiza. Maumivu yanayoongezeka, malengelenge au weusi unaotanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sindano na mashine za kusugua

Mashine yenye ncha ya almasi hung'arisha uso uliofifia, lakini madoa haiyagusi sana. Sindano ndogondogo za kutobolea ngozi hufaa mashimo. Kliniki hutumia zenye urefu wa kati ya milimita 0.5 na 1.5, kwa kupishana wiki nne hadi sita, na kichwa cha sindano ni kipya, kifunguliwe ukiona. Rola za sindano za kununua mitandaoni sizipendekezi: sindano hupinda zikachana ngozi, na rola ya kuazimana inaweza kupitisha virusi vya homa ya ini na hata vya Ukimwi.

Kurudia

Tabaka la juu la ngozi huchukua kama wiki nne kujibadilisha, zaidi kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo asidi ya kliniki huirudia baada ya wiki tatu au nne, na siongezi nguvu na dakika kwa wakati mmoja. Piga picha dirisha lilelile, saa ileile, bila kichujio cha simu. Awamu ya tatu au ya nne ikipita na picha hazitofautiani, sikuuzii nyingine. Hapo nakuandikia uende kwa daktari wa ngozi.