Limau, kikombe na kisu: picha ya vitu vya mezani kwa rangi za mafuta

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kushika brashi, lakini picha zake za vyakula na vyombo bado hazikai sawa: limau lipo, kikombe kipo, ila havijuani. Mara nyingi tatizo si mkono, ni upangaji. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa ni ndefu, na usiiruke.

1. Panga vitu na taa

Chukua vitu vichache ulivyonavyo jikoni. Mimi natumia limau zima, nusu ya limau jingine, kikombe cheupe cha bati na kisu, juu ya kitambaa cha kawaida. Maua na vitambaa vya urembo viache. Mwitaliano Giorgio Morandi (1890–1964) alichora chupa na mabakuli yale yale kwa miongo kadhaa, akiyasogeza tu huku na huku.

Tumia taa moja, iwe upande mmoja na juu kidogo ya vitu. Taa ya dari izime. Mwanga wa dirishani ni mzuri, ila jua linatembea na vivuli navyo vinahama ungali kwenye mchoro.

Sasa sogeza. Kivuli cha kikombe kiangukie limau, ndipo vitu vitaanza kuhusiana. Usiache limau liguse ukingo wa kikombe kwa nukta moja tu: ama lifiche sehemu ya kikombe, ama likae mbali nacho. Kisu kiweke kimshazari, mpini ukielekea kwako. Halafu piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Limau na kitambaa vikitoka kijivu kile kile, badilisha kitambaa.

2. Andaa turubai, weka mistari

Juu ya turubai jeupe kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo. Paka kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, ufute kwa kitambaa, kisha chora maumbo makubwa kwa brashi nyembamba. Angalia mdomo wa kikombe: ni duaradufu, na ncha zake zimeviringika, hazichongoki. Duaradufu ya kitako imefunguka zaidi, inakaribia duara, kwa sababu unaitazama kutoka juu zaidi.

3. Vivuli kwanza

Finya macho mpaka vitu vipoteze majina, vibaki vipande vya mwanga na giza. Changanya bluu ya altramarini na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu). Utapata giza lenye uhai kuliko nyeusi ya kwenye tyubu. Upande wa kikombe usio na mwanga na kivuli chake mezani vipake pamoja, kama umbo moja. Rangi iwe nyepesi, bila mafuta ya kuongeza.

4. Limau lililokatwa

Hili halitakusubiri. Uso uliokatwa hukauka na kupoteza mng'ao, kwa hiyo vivuli vikishakaa, anza nalo, na ulinyunyizie maji kidogo. Nyama yake si ya manjano kama ganda. Imepauka, ina ukijivu, na sehemu nyeupe ni ule utando mnene unaoizunguka. Kuta za vyumba vya limau usizichore zote kwa nguvu sawa, utapata gurudumu la baiskeli. Chora mbili tatu zilizoshika mwanga, nyingine zidokeze.

Kwenye ganda, manjano ukiitia nyeusi inakuwa kijani. Ipunguze makali kwa zambarau kidogo au siena. Chini kabisa, karibu na meza, tafuta mwanga hafifu unaorudi kutoka kwenye kitambaa. Ndio unaolifanya limau lionekane la mviringo.

5. Kikombe "cheupe"

Sehemu kubwa ya kikombe hiki haina nyeupe hata kidogo. Upande wa limau umebeba umanjano, na kivulini, kama taa yako ina mwanga wa umanjano, kuna kijivu cha bluu. Nyeupe tupu iweke akiba kwa nukta moja ya mng'ao mdomoni. Ukiitumia mapema, huna tena pa kupandia.

6. Kisu na kingo

Usitafute rangi ya chuma. Chora kinachoonekana ndani ya bapa: ukanda wa giza, ukanda wa kitambaa, mstari mmoja wa taa. Kisha kwa brashi kavu lainisha ukingo wa kikombe pale kinapokutana na giza la nyuma. Ukingo mkali uache kwenye limau lililokatwa peke yake.

7. Kumalizia

Ukirudia tabaka, la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo rangi itapasuka. Vanishi ya kawaida isubiri miezi 6 hadi 12. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike kwenye ndoo ya taka: hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.