Somo: Hatua za kuwa muuguzi wa watoto njiti

Wengi mnaniuliza kuhusu mashine. Mashine mtazizoea. Kinachomwelemea muuguzi mpya kwenye wodi ya watoto wachanga mahututi ni hesabu, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Vyeti. Kwa Tanzania, diploma ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu. Kidato cha nne uwe umefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Shahada ni miaka minne na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kisha kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndipo upate leseni.

Hatua ya 2: Dakika ya kwanza. Ukipangwa leba, jifunze kumsaidia mtoto asiyelia: mkaushe, msugue mgongo, na asipopumua mpulizie hewa kwa ambu, yaani kifuko cha kubana kwa mkono chenye kinyago. Fanya mazoezi kwenye mdoli hadi kinyago kikae usoni bila kuvujisha hewa.

Hatua ya 3: Hesabu. Chukua mtoto wa kilo 1.2. Daktari kaandika maziwa mililita 80 kwa kila kilo kwa siku. Jumla ni 96. Ukimlisha kwa mrija kila baada ya saa tatu, ni mililita 12 kila mara. Hiyo rahisi.

Sasa kaandikiwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 3.6. Ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo unahitaji mililita 0.09. Ni kitone, huwezi kukipima kwa uhakika. Unavuta mililita 1 ya dawa, unaongeza maji ya sindano hadi ifike mililita 10. Sasa kila mililita ina miligramu 4, na dozi ni mililita 0.9. (Huu ni mfano wa hesabu tu, kazini fuata mwongozo wa wodi yako.)

Nilipokuwa mgeni, usiku mmoja nilivuta 0.9 kutoka kwenye ampuli ambayo sijaichanganya. Mara kumi ya dozi, na dawa hii ikizidi huumiza figo na masikio. Mwenzangu aliyekuwa akihakiki alinishika mkono. Tangu siku hiyo sichomi dawa ya njiti bila mtu wa pili kupiga hesabu yake mwenyewe, bila kuangalia yangu.

Hatua ya 4: Joto, na mama. Joto la mtoto liwe kati ya 36.5 na 37.5. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliotolewa 2021, ulihusu watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Walioanza kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi (tunaita kangaruu), mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Basi usimfukuze mama wodini. Mpe kiti.

Maswali ya wanachama

*Sista, shikamoo. Nina F ya Fizikia. Naweza kuomba diploma?*
Marahaba mwanangu. Kwa vigezo hivyo, bado. Rudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usilipe mtu anayekuahidi nafasi bila ufaulu.

*Mimi mwanaume. Akina mama watanikubali?*
Watakukubali. Tuna kaka mmoja zamu ya usiku, kabla ya kumgusa mtoto humwambia mama anachotaka kufanya, na akimfunga kangaruu humpa mama khanga ajifunge mwenyewe. Wanamuulizia asipokuwepo.

*Dada, mtoto akifariki unafanyaje?*
Namtoa mirija yote, namfuta, namfunika kwa khanga ya mama yake, halafu nampa mama ampakate kwa muda anaotaka. Jina lake nalitaja. Naomba mwenzangu anishikie watoto wengine kwa dakika chache, nalia chumba cha dawa, nanawa mikono, narudi. Saa tisa kuna mwingine anasubiri mililita zake 12.