Mfanyakazi Wako wa Mbeya Akiuliza Mbona Kakatwa

Una loji Uyole, au shamba la parachichi Rungwe, au mashine ya mbao Mafinga, na wewe mwenyewe uko Leicester au Minneapolis. Anayesimamia ni mdogo wako au shemeji. Mwisho wa mwezi unaingia ujumbe wa sauti WhatsApp: "Bosi shikamoo, samahani kwa usumbufu, mbona mwezi huu nimekatwa hivi?" Sisi tunaoshika vitabu vya biashara za watu walio nje tunalijua jibu linalotoka haraka: "Hiyo ni serikali, si mimi." Mara nyingi si kweli. Serikali imeweka viwango; aliyepiga hesabu ni wewe, au yule uliyemwachia kompyuta.

Kabla hujajibu, tafuta kitu kimoja kwenye salari slipu yake (karatasi ya mchanganuo wa mshahara): je, NSSF, yaani mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, imetolewa kwanza, ndipo PAYE, kodi ya mshahara, ikapigwa? Hapo ndipo wafanyakazi wengi wanapoibiwa bila mwizi. Mchango wa mfanyakazi NSSF kwa kawaida ni asilimia 10 ya mshahara, na kodi hupigwa kwenye kile kinachobaki.

Viwango vya PAYE vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 viko hivi kwa mwezi, kwa shilingi. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi milioni moja ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30 ya ziada. Bajeti huanza kutumika tarehe 1 Julai kila mwaka, kwa hiyo mwezi huo mwambie msimamizi apite TRA, Mamlaka ya Mapato, aulize kama kuna kilichoguswa.

Sasa mchukue mpishi wa loji anayelipwa 300,000. NSSF 30,000, inabaki 270,000. Kodi yake ni sifuri. Lakini ukipiga kodi kwenye 300,000 nzima, unamkata 2,400 asizodaiwa na mtu yeyote. Msimamizi wa mapokezi mwenye 600,000: toa NSSF 60,000, inabaki 540,000, kodi ni 24,000, mkononi anapata 516,000. Aliyesahau kutoa NSSF kwanza atamkata 36,000. Tofauti ni 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka, na huyo mtu ana haki ya kuzidai bila kuonekana mkorofi.

Kuna makato mengine ambayo hayapaswi kuonekana kabisa upande wa mfanyakazi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ni ya mwajiri peke yake, na inakuhusu tu ukiwa na wafanyakazi 10 au zaidi. Mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5; kiwango cha sasa kiulizie TRA. Mchango wa mfuko wa fidia, WCF, asilimia 0.5, nao ni wako. Nusu yako ya NSSF, asilimia 10 nyingine, ni yako pia. Ukikuta msimamizi amezigawa hizi "nusu kwa nusu" na wafanyakazi ili kupunguza gharama, mwambie azirudishe.

Ugomvi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, huanza siku ya kuajiri. Mmekubaliana kwa simu: "Nitakupa laki nne." Yeye amesikia laki nne mkononi, wewe umemaanisha laki nne kabla ya makato. Kama kweli ulimaanisha mkononi, mshahara wa kuandika kwenye mkataba ni kama 457,000: NSSF 45,700, PAYE 11,304, anabaki na 399,996. Ongeza NSSF yako 45,700 na WCF 2,285, huyo mtu anakugharimu 504,985. Afadhali ulijue hilo ukiwa bado hujamwita kazini. Kwenye mkataba andika tarakimu ya kabla ya makato, na useme wazi kuwa ni kabla ya makato.

Posho nazo zina maneno. Wengine hugawa mshahara vipande vipande, nauli hapa, nyumba pale, wakidhani vipande havikatwi. Posho ya nauli anayopewa mtu kila mwezi ni sehemu ya kipato chake na ina kodi. Lakini ukimtuma Tunduma kuchukua mzigo, akatoa nauli mfukoni, ukamrudishia kwa risiti, hiyo si kipato na haikatwi. Na glasi zilizovunjika jikoni? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara ovyo: lazima kuwe na sheria, amri ya mahakama au makubaliano ya maandishi na mfanyakazi mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inakutaka umpe maelezo ya maandishi ya malipo yake, kwa hiyo "salari slipu hatuna, ni biashara ndogo" si jibu.

Utakutana pia na ushauri wa kijanja: mwite mfanyakazi mtoa huduma, mkate asilimia 5 ya kodi ya zuio (ile inayokatwa kwenye malipo ya mtoa huduma), yaishe. Kama anaingia saa moja asubuhi, anatumia vifaa vyako na anaomba ruhusa kwako akiuguliwa, huyo ni mfanyakazi, na karatasi haibadilishi hilo.

PAYE iliyokatwa inatakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Usiishie kuambiwa "tumelipa". Dai namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti ya benki kila mwezi, maana isipofika, deni ni la biashara yako, hata kama shemeji ndiye aliyetia hela kwenye bati za nyumba yake. Mfanyakazi naye anaweza kuulizia michango yake ofisi ya NSSF, na hapo ndipo siri nyingi hufumuka.

Na kama ni wewe uliyerudi na kuajiriwa Iringa, angalia upande wa pili. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 15 moja kwa moja, na wapo waajiri wanaomweka humo mtu kwa sababu tu ana pasipoti ya nje. Ukaazi wa kodi si uraia: mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyekuwepo sehemu yoyote ya mwaka ni mkaazi, na aliyekaa siku 183 au zaidi vilevile. Kwenye 2,700,000 zinazobaki baada ya NSSF, asilimia 15 ni 405,000; mkaazi anadaiwa 638,000. Utafurahia tofauti hiyo mpaka TRA waje kuitafuta, kwa hiyo uliza mapema na ukatwe kwa kiwango chako.

Mkishindwa kuelewana kuhusu makato, mfanyakazi ana siku 60 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko utaulizwa mkataba, salari slipu na risiti, na msimamizi wako ndiye atakayesimama mbele, kwa hiyo nakala ziwe kwake pia, si kwenye simu yako tu.