Kukusanya mabuli ya vituko Dar: anza na lile linalomimina

Kabati la vioo lililoko sebuleni kwangu Tabata halina zile sahani za wageni zisizoguswa mpaka Idi. Lina jogoo, kibanda, kabichi, tembo aliyepiga magoti na gari dogo la kijani. Vyote hivyo ni mabuli ya chai. Yamefika thelathini na moja, na nimeyapata hapahapa Dar es Salaam bila kuagiza hata moja nje.

Mji huu unamfaa mkusanyaji kwa sababu chupa ya chai imelifukuza buli mezani. Tunachemsha chai sufuriani na tangawizi yake, tunaijaza kwenye chupa, tunainywa hadi jioni. Buli limebaki pambo, na pambo lisilo na kazi huuzwa bei ya kutupa.

Hatua ya 1: Chagua ukoo

Usinunue kila buli lenye macho. Mimi nilianza hivyo, na mwaka wa kwanza nilikuwa na rundo tu la vyombo. Chagua ukoo mmoja: wanyama, nyumba, magari au mboga.

Mboga wana nasaba ndefu. Wafinyanzi wa Yixing, katika jimbo la Jiangsu huko China, wamefinyanga mabuli ya umbo la boga na pingili za mwanzi kwa karne nyingi. Waingereza wa Staffordshire nao walitoa ya koliflawa katikati ya karne ya 18. Kwenye magari, mfalme ni gari la mbio la James Sadler & Sons wa Burslem, la miaka ya 1930. Kibao chake cha namba kimeandikwa OKT42. Ukikitamka kwa Kiingereza unasikia "OK, tea for two", yaani "sawa, chai ya wawili". Limeigwa mno, kwa hiyo ukilikuta kwenye meza ya mtumba usianze kupiga mahesabu ya kujenga.

Hatua ya 2: Jua pa kuwinda

Mapya ya China yako Kariakoo, kwenye maduka ya vyombo. Ukimwambia winga, yule dalali wa mtaani, unataka "buli la mnyama" atakuzungusha maduka sita na kukuletea birika la umeme, kwa hiyo nenda na picha kwenye simu. Ya zamani huja na vyombo vya mtumba vinavyoshushwa pamoja na samani. Mengine hutoka kwa wageni wanaohama Masaki na Oysterbay, ambao huuza vitu vya ndani wiki za mwisho kabla ya kuondoka.

Pia waulize shangazi zako. Jogoo wangu alikaa miaka kwenye kabati la shangazi akitunza funguo na risiti za umeme.

Hatua ya 3: Lipime kwa maji

Hapa ndipo usifanye haraka. Kwangu buli lisilomimina ni sanamu, na sanamu nitazifuata kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Mimi hutembea na chupa ya maji ya nusu lita. Wauzaji hucheka, lakini wananiruhusu.

Kabla ya maji, angalia ncha ya mdomo: iwe juu kama ukingo wa buli au zaidi. Ikiwa chini, chai itamwagika mdomoni kabla buli halijajaa. Wanyama wengi huangukia hapo, maana mfinyanzi alifikiria mkonga kwanza, chai baadaye. Kisha tafuta kitundu kwenye kifuniko au karibu nacho. Hicho huingiza hewa wakati chai inatoka. Kisipokuwepo na kifuniko kikibana, chai hutoka kwa kusitasita. Sasa mimina, na usimamishe ghafla. Ncha nene ya mviringo huacha tone liteleze kidevuni. Yenye ukingo mkali hulikata. Wakati unamimina, ona kama kifuniko kina jino la kukizuia kisidondoke.

Kisha pigapiga kwa ukucha. Kauri nzima hulia kama kengele. Iliyopasuka hutoa mlio mfu. Pitisha ukucha pale mkono unapoungana na mwili. Nilipuuza hilo kwenye kibanda changu cha kwanza. Muuzaji aliniapia, "Dada yangu, hili la UK hili, halina hata mkwaruzo." Jumapili ile nikawaandalia wakwe chai. Nilipoinua buli, mkono ukabaki vidoleni, kibanda kikabaki mezani, na chai ikaelekea kwenye kanzu ya baba mkwe. Lilikuwa limeunganishwa kwa gundi, na joto likaiachisha. Siku hizi nina kile kitochi cha kukagulia noti: gundi nyingi hung'aa chini ya mwanga wake.

Hatua ya 4: Soma kitako

Ligeuze. Muhuri wa "England" peke yake mara nyingi ni wa kuanzia 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. "Made in England" ni kawaida zaidi kwa karne ya 20. "Occupied Japan" inakupa kipindi kifupi zaidi, miaka ya baada ya vita hadi 1952. Kitako kitupu si kosa, ila usilipie jina ambalo halipo.

Hatua ya 5: Bei

Uliza kwanza bei ya vikombe vya jirani yake. Buli ulikamate mwisho, kama umekumbuka tu. Tembo wangu alianzia elfu ishirini na tano, tukamalizana elfu tisa.

Hatua ya 6: Kubeba na kuosha

Kifuniko kifungwe peke yake. Mwili uviringishe kwenye khanga, mdomo na mkono vijazwe gazeti, upande bajaji. Daladala ya saa kumi na moja jioni haina huruma na mkonga wa tembo.

Nyumbani tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Madoa ya chai ya ndani hutoka kwa magadi yaliyolowanishwa. Penye dhahabu au rangi iliyopakwa juu, usisugue. La udongo wa Yixing lisilo na ung'avu, yaani lile tabaka la juu linalong'aa kama kioo, lisiguswe na sabuni kabisa; hunywa harufu na kuirudisha kwenye chai.

Na la zamani usilolijua asili yake, lijaribu kwa maji tu. Rangi na ung'avu wa zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na chai yenye limau huitoa haraka.

Hatua ya 7: Daftari

Andika tarehe, mahali, bei, muhuri na kasoro. Ukurasa wangu wa kibanda unasema: "Elfu nane. Mkono umevunjika. Halimimini tena. Linatunza vifungo."